QAILULA NA USINGIZI WA MWANAFUNZI



Ndugu mwanafunzi, kila inapokaribia mitihani husikika vijana wakijisifu kuwa fulani amekesha siku tatu, na fulani hakulala kabisa. Anayelala huonekana mvivu. Katika makala hii fupi tutaangalia, Insha-Allah, kama sifa hiyo ya kukesha ina msingi wowote.

Katika Suratun-Nabaa, aya ya 9, Allah (S.W.) ameutaja usingizi kuwa ni mapumziko kwetu, na ameutaja pamoja na ardhi, milima na mbingu. Si jambo dogo. Ama mapumziko ya mchana, yaani qailula, yanadokezwa katika Suratun-Nur, aya ya 58. Humo watoto ambao hawajabaleghe wanaamrishwa kuomba ruhusa kabla ya kuingia katika nyakati tatu, na mojawapo ni adhuhuri, watu wanapovua nguo zao. Yaonyesha kuwa kupumzika saa hiyo ilikuwa ada inayojulikana.

Amepokea Imam Bukhari kisa cha Salman al-Farisy na Abu Dardaa (R.A.), ambao Mtume (S.A.W.) aliwaunganisha udugu. Salman alimzuru mwenzake akamkuta mkewe hajishughulishi na kujipamba, kwa kuwa mume hakuwa na haja na mambo ya dunia. Abu Dardaa aliandaa chakula lakini mwenyewe amefunga. Salman akakataa kula mpaka wale pamoja. Usiku Abu Dardaa akainuka kuswali, akaambiwa alale. Akainuka tena, akaambiwa vivyo hivyo. Ulipofika mwisho wa usiku ndipo Salman akamwamsha wakaswali wote wawili, akamkumbusha kuwa Mola wake, nafsi yake na ahli zake wote wana haki juu yake. Habari ilipofika kwa Mtume (S.A.W.) alimsadikisha Salman. Tazama kuwa hapa kilichopunguzwa ni ibada ya sunna. Sembuse filamu na simu!

Wewe unayehifadhi Qur'ani una sababu ya ziada. Ubongo haukai bure unapolala. Wakati huo ndipo yaliyosomwa mchana hupangwa na kukazwa katika kumbukumbu. Anayekatiza usingizi ili aongeze ukurasa mmoja anaula ule wakati ambao kurasa za mwanzo zingekaa. Mwaka 2016 madaktari wa usingizi wa Marekani walipendekeza saa 9 hadi 12 kwa mwenye miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kwa mwenye miaka 13 hadi 18. Sasa piga hesabu: aliyelala saa sita za usiku akaamka saa kumi na nusu alfajiri amepata ngapi?

Qailula husaidia kuziba pengo, lakini iwe fupi, dakika 20 hivi. Ikizidi sana unazama katika usingizi mzito na kuamka kichwa kizito, na ukilala jioni utautafuta usingizi wa usiku.

Wazazi nao watazame ratiba: skuli, chuo, tuisheni, kisha kazi za nyumbani, ambazo mara nyingi huangukia watoto wa kike huku kaka zao wamejinyoosha. Na sisi walimu, mtoto akisinzia juu ya juzuu, tumuulize kwanza jana alilala saa ngapi kabla ya kunyoosha mkono kwenye bakora.

Wabillahi Tawfiiq.