Sanaa ya Kupiga Picha (3): Mtoto Akicheza, Chutama

Katika makala mbili zilizotangulia tulizungumzia mwanga na namna ya kushika kamera isitikisike. Leo tunaingia katika somo ambalo wengi huliona jepesi, kumbe ndilo linalowashinda hata wenye kamera za bei kubwa: kumpiga picha mtoto akiwa nje anacheza.

Yapata mwaka 1930, Mhungaria Martin Munkácsi alipiga picha ya wavulana watatu wakikimbilia mawimbi. Kwa miaka mingi picha hiyo imejulikana kwa jina la Ziwa Tanganyika, ingawa wapo watafiti wanaosema ilipigwa Liberia. Kijana wa Kifaransa, Henri Cartier-Bresson, alipoiona alivutiwa mno, akaishika kamera kwa dhati. Baadaye akawa mmoja wa wapiga picha wakubwa wa karne ya 20. Itazame vizuri picha ile. Wavulana wametupa mgongo, miili yao imekuwa kama vivuli mbele ya povu jeupe. Hakuna uso hata mmoja, lakini furaha imejaa tele, mikononi na miguuni. Hakuna hata mmoja wao anayemjali mpiga picha.

Somo la kwanza ndilo hilo. Mtoto aliyezama katika mchezo amesahau kwamba anatazamwa, na ukimkumbusha, mchezo umekwisha. Anayepita na kamera mitaani kwetu anayajua haya. Unawakuta wasichana wanacheza rede, mpira unaruka huku na huku, aliye katikati anakwepa. Mara mmoja anakuona. "Mjomba, tupige!" Rede imekufa papo hapo; mbele yako umesimama mstari wa watoto, vifua mbele, vidole viwili juu. Usiwafukuze wala usikasirike. Wapige vivyo hivyo walivyojipanga, waoneshe, wacheke. Kisha keti pembeni, kamera mapajani, usipige kitu. Baada ya muda watakuzoea kama walivyouzoea mti ulio nyuma yako, na mpira utarudi hewani. Kazi yako inaanzia hapo.

Somo la pili ni kimo. Mtu mzima akipiga picha amesimama, mtoto huonekana kichwa kikubwa na miguu mifupi, na nyuma yake hapaonekani kitu ila vumbi. Chutama, au piga goti kabisa. Chukua mfano wa mdako. Msichana anarusha kete juu, kiganja kinakomba vijiwe kutoka shimoni, kisha anaidaka kete kabla haijaanguka. Ukimpiga kutoka juu utapata utosi na mistari ya nywele zilizosukwa. Ukishusha lenzi hadi usawa wa macho yake, utaona kete imening'inia hewani, macho yameifuata, na mdomo wa chini umeumwa kwa meno. Mchezo ni ule ule, lakini sasa umeuona kama anavyouona yeye.

Somo la tatu ni kasi, na hapa hesabu inasaidia. Mtoto akikimbia mita 4 kwa sekunde, nawe umeweka kasi ya shata (kizibo kinachofunguka na kufunga kupitisha mwanga) kuwa 1/60 ya sekunde, atakuwa amesogea karibu sentimita 7 kabla shata haijafunga. Picha itatoka na ukungu. Ukiweka 1/1000, atasogea milimita 4 tu, na hata matone ya maji yatasimama. Mwenye simu asikate tamaa: kwenye jua la kutosha simu huchagua kasi kubwa yenyewe, na nyingi zina uwezo wa kupiga picha kwa mfululizo.

Mahali pazuri pa kujifunzia ni Forodhani, Unguja, jioni, vijana wanapopiga makachu, wakijirusha baharini kutoka ukutani kwa mitindo ya kila namna. Anayeruka hupanda, hufika kileleni, kisha huanguka. Pale kileleni, kwa kitambo kifupi sana, mwili haupandi tena wala haujaanza kushuka. Lenga kitambo hicho, na bonyeza mapema kidogo, kwa kuwa kidole na simu vyote huchelewa. Upande ule unatazama magharibi, na jua huzama kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni kutegemea mwezi. Ukilielekea jua, mrukaji atatoka kivuli cheusi juu ya anga la rangi ya chungwa, kama wale wavulana wa Munkácsi. Ukiutaka uso wake, gusa uso huo kwenye kioo cha simu na uongeze mwanga, maana kamera ikiona anga kali hutia giza kila kitu kingine. Na fanya haraka, kwetu karibu na ikweta jua halichelewi kuzama.

Limebaki somo kubwa kuliko yote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unampa mtoto haki ya kucheza katika ibara ya 31, na haki ya faragha katika ibara ya 16. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa binafsi za mtoto. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Lakini kabla ya sheria zote hizo, sisi tuna hodi. Pita barazani, toa shikamoo kwa wakubwa, eleza wewe ni nani na picha unaipeleka wapi. Ukikataliwa, shukuru na uende zako. Ukikubaliwa, usitandaze mtandaoni jina la mtoto, nembo ya shule yake wala mahali anapoishi. Kumbuka pia kwamba simu inaweza kuhifadhi ndani ya picha mahali ilipopigwa. Zima huduma hiyo.

Picha ya mtoto ni amana. Yeye hajui itafika wapi, wewe unajua. Basi Jumamosi hii, kabla hujainua kamera, piga hodi kwanza, ukishakaribishwa, chutama.