Kuhesabu Moshi Wetu

Mama akimleta mtoto anayekohoa na kupumua kwa shida, sisi wauguzi tunamwuliza: Unapika ndani ya nyumba? Kwa kuni ao kwa makala? Watu wanaochunguza hewa ya mji mzima wanauliza namna ileile, lakini kwa habari ya kila nyumba, kila pikipiki, kila tanuru ya matofali. Kisha wanaandika yote katika daftari.

Kwa sababu gani? Kuna hewa inayoitwa ozoni. Juu sana inatukinga na ukali wa jua, lakini hapa chini inaunguza mapafu, na mwenye pumu anaumia zaidi. Ozoni haitoki ndani ya moto. Moshi wa esanzi, wa mazutu na wa kuni unatoa hewa nyingine, na jua likizipiga, ozoni inazaliwa. Arie Haagen-Smit alionyesha jambo hili katika mji wa Los Angeles miaka ya 1950. Tena (hili linashangaza) moshi mbichi wa magari unaila ozoni, hata mara nyingi ni nyingi mbali na barabara kuliko kando yake. Basi daftari ikikosea vipimo vya hewa hizo, shauri litakuwa baya: mji unaweza kupunguza moshi fulani, na ozoni ikazidi.

Hesabu yenyewe ni kuzidisha. Tuseme nyumba 1,000 zinachoma kila moja kilo 2 za makala kwa siku: ni kilo 2,000. Kilo moja inatoa karibu gramu 200 za hewa yenye sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Jumla ni kilo 400 kwa siku.

Kazi ngumu ni kuchungua daftari. Je, gunia lilipimwa kwa mizani ao kwa macho? Moshi wa kule porini makala yalikochomwa, umeandikwa? Kuni za soko hazikuhesabiwa tena nyumbani? Hapa Kpandroma, anayehesabu pikipiki siku ya soko tu ataandika uongo bila kujua. Mwishoni wanalinganisha daftari na chombo kinachopima hewa yenyewe.

Daftari za dunia nzima zilikuwa zikisahau mioto yetu midogo, ao kuihesabu vibaya. Mwaka 2016 Eloise Marais na Christine Wiedinmyer walitoa hesabu ya Afrika kwa miaka 2006 na 2013, wakiandika makala, taa za petroli, jenereta na pikipiki.

Mtu akija kukuuliza unachoma magunia mangapi kwa mwezi, usidhani ni mtoza kodi. Ukisema moja na kumbe ni matatu, theluthi mbili za moshi wa jiko lako hazimo katika daftari, lakini zimo kifuani mwa mtoto wako.