Tairi ya boda haikuitosha: Nilivyoitafutia pikipiki ya mzee viatu vyake

Dadangu aliacha kupanda pikipiki yangu mwezi wa Aprili, na hakukosea.

Ilikuwa asubuhi ya mvua, tunatoka Umoja kwenda mjini. Mimi mbele, yeye nyuma na begi lake la chuo. Tulipokaribia City Stadium matatu ikasimama ghafla mbele yetu. Nikafinya breki. Tairi ya mbele ikashika, ya nyuma ikaenda zake. Hakuna aliyetugonga, shukrani kwa Mola, lakini sote wawili tulilala kwenye lami. Goti lake likachubuka, kioo cha simu yake kikapasuka. Aliinuka, akavua helmeti, akanipa mkononi bila neno, kisha akapanda matatu ile ile.

Jioni tukila ndipo aliposema. "Bro, sipandi tena hiyo kitu mpaka ubadilishe tairi."

Hiyo kitu ni Yamaha DT 175 ya mzee wetu. Alikuwa afisa wa mifugo, na alipostaafu aliinunua kwenye mnada. Wasee wa mtaani huicheka kwa sababu inatoa moshi wa bluu na gurudumu lake la mbele ni refu kama la baiskeli. Lakini ndiyo inayonilisha. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na tangu hapo nasambaza vifurushi vya watu wanaouza vitu mtandaoni. Pikipiki ikilala, nami nalala njaa.

Kwa hivyo nikaingia mjini kutafuta tairi. Nilidhani ni kazi ya nusu saa.

"Zote zinashika"

Nilifanya kile ambacho wengi wetu hufanya. Niliinama, nikasoma nambari iliyo kwenye tairi kuukuu ya nyuma, 3.00-18, nikaipiga picha na kuelekea Kirinyaga Road, kule wengi bado wanaita Grogan. Duka la kwanza walikuwa nayo. Duka la pili pia. Bei ya boda, poa kabisa. Nilikuwa tayari natoa simu nilipe.

Kilichoniokoa ni fundi mmoja mzee aliyekuwa ameketi kwenye kreti akinyoosha spoku. Aliitazama DT, akaitazama tairi mkononi mwangu, akacheka.

"Kijana, nani alikwambia hiyo ndiyo saizi yake?"

"Ndiyo iliyo kwa pikipiki, mzee."

"Iliyo kwa pikipiki ni ile mtu aliweka. Sikuuliza hiyo."

Hapo ndipo somo langu lilipoanza. Tairi unayoikuta kwenye pikipiki ya zamani si ushahidi. Pikipiki ya miaka mingi imepita mikono mingi, na kila mkono uliweka kilichopatikana siku hiyo. Saizi ya kweli iko kwenye kitabu cha pikipiki, au kwenye kibandiko cha kiwandani kama hakijabanduka. DT ya mzee inataka 2.75-21 mbele na 4.10-18 nyuma. Mbele ilikuwa sawa. Nyuma nilikuwa nimevalishwa tairi nyembamba ya pikipiki ndogo.

Usiku nilimpigia mzee simu kijijini. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ya kwake haikupatikana sokoni wakati huo. Nilitaka tu itembee nikupeleke shule." Sikuwa na la kumwambia. Kumbe hata mimi nilibebwa miaka yote hiyo juu ya tairi isiyo yake.

Hesabu niliyoikimbia

Unaweza kuuliza, kama imeingia kwenye ringi na inazunguka, shida iko wapi? Shida iko kwenye nambari ndogo zilizo kando, zile hakuna mtu husoma.

Chukua 4.10-18. Nambari ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha ringi. Baada ya hapo huja nambari nyingine na herufi, kwa mfano 59P. Hiyo 59 ni alama ya uzito: tairi inaweza kubeba kilo 243. Herufi P ni mwendo, mwisho kilomita 150 kwa saa. Tairi yangu nyembamba ilikuwa na 47P. Mwendo ni ule ule, lakini uzito ni kilo 175 pekee.

Sasa piga hesabu nami. Pikipiki yenyewe ni kama kilo 100. Mimi ni 70. Nikibeba gunia la mahindi la kilo 90, tumefika 260, na mzigo wa nyuma hulalia gurudumu la nyuma. Ongeza mashimo ya barabara zetu, ongeza mvua, halafu ujiulize kwa nini nyuma iliteleza. Isitoshe, tairi nyembamba ina sehemu ndogo ya mpira inayogusa lami, na yangu ilikuwa imebaki kipara katikati.

Ukikosa kabisa saizi ya inchi, utakutana na nambari za milimita kama 80/90-21. Hapo 80 ni upana kwa milimita, 90 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 21 ni ringi. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hivyo 4.10 ni kama milimita 104. Jirani zake ni zile zinazoanza na 100 au 110. Ya 80 au 120 si jirani, huyo ni mgeni. Hata ukipata jirani, hakikisha hagusi cheni, madigadi wala vyuma vinavyoshika gurudumu. Na ukibadilisha kimo cha tairi ya mbele, spidomita inayoendeshwa na gurudumu hilo itaanza kukudanganya.

Mpya ya zamani

Duka la nne walikuwa na 4.10-18. Ilikuwa inang'aa, meno yote yapo, imening'inizwa nje kwenye jua. Nikakumbuka maneno ya fundi: "Uliza umri kabla ya bei."

Umri umeandikwa. Tafuta herufi DOT kwenye ubavu, kisha uangalie tarakimu nne za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Hii ilisoma 3112, yaani wiki ya 31 ya mwaka wa 2012. Niliikunja kidogo kwa vidole na nyufa ndogo zikajitokeza kama ngozi ya kisigino. Mpira huzeeka hata kama haujawahi kugusa barabara, kwa sababu jua, joto na hewa huukausha. Muuzaji aliapa kwamba ni mpya. Ilikuwa mpya, lakini mpya ya zamani.

Kwingine nilioneshwa tairi iliyokwisha ambayo mtu ameichonga mifereji upya kwa kisu cha moto, akaipaka rangi nyeusi. Inapendeza macho, lakini mpira uliobaki chini ya mifereji hiyo ni mwembamba kama karatasi. Hiyo hata ukipewa bure, kataa.

Niliyoinunua hatimaye ilitoka kwenye stoo ya ndani, ina umri wa chini ya mwaka, na bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya boda. Iliniuma. Nililipa pia tyubu mpya ya saizi ile ile, maana magurudumu ya spoku kama yangu hutumia tyubu, na tyubu kuukuu ndani ya tairi mpya ni pancha inayosubiri siku yake. Fundi alipofunga, alinionesha mshale ulio ubavuni: lazima uelekee upande ambao gurudumu linazungukia. Kisha akanionya nisijifanye bingwa kwa kilomita 100 za kwanza, kwa sababu tairi mpya huwa na utelezi mpaka ngozi yake ya juu iishe.

Ya mbele ilikuwa saizi sahihi lakini imezeeka. Ilibidi ingoje mwezi mwingine wa vifurushi.

Mkaguzi

Juni, tairi zote mbili zikiwa zimewekwa, nilimwambia dadangu kwamba viatu viko tayari. Hakunijibu. Alitoka nje na simu yake ile yenye kioo kilichopasuka, akawasha tochi, akachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma. Nilikuwa nimemweleza mambo haya mara nyingi mpaka akachoka, kumbe alikuwa anasikiliza.

"Nne nukta moja sufuri, kumi na nane," alisoma polepole. Akazunguka mbele, akasoma nyingine. Akatafuta tarakimu nne za umri kwenye kila moja.

Kisha akanyoosha mkono.

"Lete helmeti."