Nani Yuko Juu ya Jenerali?

Katika darasa la siasa tuliloliendesha Kisorya, wilayani Bunda, jirani na kivuko cha kwenda Ukerewe, mzee mmoja aliyepigana vita vya Kagera alituuliza: "Ndugu walimu, nduli Amin alikuwa Fildi Mashali. Sisi tuliongozwa na Meja Jenerali. Mbona mdogo alimshinda mkubwa?" Darasa lilicheka. Lakini swali ni zito.

Meja Jenerali huyo ni David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, aliyeongoza Divisheni ya 20 hadi Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979. Mwaka 1980 akawa Mkuu wa Majeshi, na akafikia cheo cha Jenerali.

Jenerali ndicho cheo cha juu kabisa cha afisa katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Chini yake wako Luteni Jenerali, Meja Jenerali na Brigedia Jenerali, ndipo waje makanali. Fildi Mashali hayumo katika ngazi yetu. Waingereza humpa cheo hicho jemadari aliyeongoza majeshi makubwa, kama walivyompa Montgomery mwaka 1944. Je, Amin alipewa na nani? Alijipa mwenyewe, mwaka 1975, miaka minne baada ya kuipindua serikali iliyompa vyeo vyake vya awali. Hapo ndipo penye kiini cha jambo: cheo cha kijeshi ni dhamana, na dhamana lazima iwe na mtoaji. Anayejipandisha mwenyewe amekwisha kutangaza kwamba hakuna wa kumwuliza.

Hata John Okello alijiita Fildi Mashali katika Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Mwaka huo huo akaondolewa visiwani. (Dedan Kimathi wa Kenya hatumweki katika kapu hili. Wapiganaji wa msituni hawakuwa na dola ya kuwapa vyeo ila ile waliyokuwa wakiipigania.)

Sisi nasi tulionja hatari hiyo. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi wakidai mishahara bora na maafisa Waafrika. Madai yalikuwa na msingi; njia ndiyo iliyokuwa ya maangamizi, hata serikali changa ikalazimika kuwaita askari wa Kiingereza, wakoloni wa jana. Jeshi lile likavunjwa. Jipya likaundwa tarehe 1 Septemba 1964, likijengwa juu ya msingi kwamba bunduki iko chini ya siasa ya umma.

Kwa hiyo juu ya Jenerali yuko raia. Katiba ya 1977 humfanya Rais kuwa Amiri Jeshi Mkuu, na ndiye anayeteua viongozi wa majeshi. Wakati wa vita vya Kagera alikuwa mwalimu wa shule kutoka Butiama hiyo hiyo. Tangu Machi 2021 ni mwanamke, Ndugu Samia Suluhu Hassan.

Mzee wetu hakuridhika. "Na raia huyo akituingiza katika vita visivyo vya haki?" Tukamfungulia ibara ya 44: Rais akitangaza hali ya vita, hupeleka nakala ya tangazo kwa Spika, na Spika huitisha Bunge katika siku zisizozidi 14 ili liamue kama litaunga mkono au la. Akaomba tuisome mara ya pili, polepole.