Kisangani: Saiti ya kampuni ya watalii iseme wazi Wagenia ni nini

Tuseme kijana mmoja wa Kisangani ana kampuni ndogo ya kupeleka wageni kuona wavuvi wa Wagenia. Ametengenezewa saiti kwenye intaneti. Juu kabisa imeandikwa kwamba kampuni inafanya utalii, usafiri, mikutano, biashara ya jumla na huduma zingine zote. Chini yake kuna picha 10 za mto. Mtu wa Bunia ao Goma anaifungua kwa simu, mega zinaisha, anafunga. Hata hakuelewa ni kitu gani kinauzwa.

Si kampuni moja tu inafanya hivyo. Mwenye kazi anaogopa kukosa mteja, basi anaandika yote. Lakini anayesoma anatafuta jambo moja, na asipoliona haraka anaenda kwingine.

Kwa Wagenia kuna tena shida ya majina. Mgeni anaweza kutafuta Wagenia, Wagenya, Boyoma, ao lile jina la wakoloni, Stanley Falls. Na si kitu kimoja kabisa. Boyoma ni maporomoko 7 yanayofuatana kwenye mto Kongo kwa kilomita karibu 100, kati ya Ubundu na Kisangani. Wagenia ni ya mwisho, pale mjini. Majina yote yaandikwe mara moja, ndani ya sentensi moja inayoeleza hivyo, kisha saiti ibaki na Wagenia.

Halafu kuna ile sifa ya "maporomoko makubwa ya dunia". Kwa wingi wa maji, kweli Boyoma iko kati ya makubwa. Lakini mgeni akisoma "makubwa" anafikiria urefu, kama Victoria Falls kwenye mpaka wa Zambia na Zimbabwe, ambako maji yanaanguka zaidi ya mita 100. Boyoma, ukijumlisha yote 7, yanashuka mita 60 hivi. Pale Wagenia maji yanakimbia kwa nguvu kati ya mawe, hayaanguki toka juu. Aliyeahidiwa ukuta wa maji atarudi na hasira, na atawaambia wenzake.

Kumbe kitu chenyewe cha kuonyesha kipo, na Victoria Falls hawana: wavuvi. Miti mikubwa imesimamishwa kati ya mawe, imefungwa kwa kamba za mwituni, na pale wanafunga vikapu vikubwa, mdomo mpana, mwisho mwembamba. Mkondo unasukuma samaki ndani na kumzuia asitoke. Wavuvi wanaenda kuvikagua mara mbili kwa siku. Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya saiti, pamoja na picha moja ya mvuvi akiwa kazini. Zile 9 zingine zinakula mega za watu bure.

Kisha bei. Ni ngapi kwa mtu mmoja? Mtumbwi uko ndani ya hiyo bei ao nje? Kupiga picha kunalipiwa? Wavuvi wanapata ngapi? Saiti ikisema tu "bei nafuu", mgeni anafika ukingoni akifikiri amemaliza kulipa, wavuvi wanaomba haki yao, na mabishano yanaanza. Mvuvi hakuandika hata neno moja kwenye ile saiti, lakini ni yeye anaonekana mwizi.

Saa pia iandikwe vizuri. "Saa 2 asubuhi" ya Mswahili ni 8h00 kwenye tiketi ya ndege, na anayetoka Kinshasa aambiwe kwamba Kisangani iko saa moja mbele. Namba ya simu moja inatosha, ila iwe ya mtu anayejibu.

Na mto haubaki vilevile mwaka mzima. Maji yakipanda, kazi ya vikapu inabadilika, wakati saiti bado inaonyesha picha ya maji yakiwa chini. Mstari mmoja wenye tarehe, unaosema wiki hii mto uko namna gani, unaweza kumwokolea mtu safari ya siku nzima.