Majivu ya makaa: rahisi kununua, ghali kumwaga

NYOLOLO. Malori yanayopeleka makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, kwenye viwanda vya saruji vya Dar es Salaam na Tanga hupita hapa kwenye barabara kuu ya Tanzania na Zambia. Biashara hiyo ilipanuka baada ya serikali kuzuia uagizaji wa makaa kutoka nje mwaka 2016. Bei ya tani hujulikana mapema. Gharama ya majivu huja baadaye.

Hesabu yake ni rahisi. Makaa yenye majivu asilimia 20, tani 100 zikiungua, huacha tani 20. Aseniki, risasi na kromi haziteketei kwa moto. Zilikuwa zimetawanyika kidogo kidogo ndani ya tani 100, sasa zimebanana ndani ya tani 20, yaani zinaweza kufikia mara tano. Zebaki nyingi hutokea kwenye bomba la moshi. Aseniki na seleni huwa mvuke, kisha hunata kwenye vumbi jepesi, ndiyo maana vumbi laini hubeba sumu zaidi kuliko majivu mazito ya chini ya tanuri.

Kwenye tanuri la saruji, majivu huingia ndani ya saruji yenyewe. Kwenye boila hubaki lundo, na hapo ndipo mnunuzi wa bei poa hujitokeza. Yakichanganywa na saruji kufyatua matofali, sehemu kubwa ya sumu hufungwa humo. Yakimwagwa kufukia shimo au bonde, mvua huichuja. Wilayani Mufindi mabondeni ndiko kuliko na vinyungu, bustani za mboga za kiangazi. Kiwango cha aseniki ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi kwenye maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita.

Huko Kingston, Tennessee, Marekani, ukingo wa bwawa la majivu ulibomoka Desemba 22, 2008. Takriban mita za ujazo milioni nne zilimwagika, na usafishaji uligharimu zaidi ya dola bilioni moja.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inamtaka mchafuzi alipe. Kwa hiyo, kabla ya kupakia, mnunuzi adai majibu ya maabara yanayoonyesha kiasi kinachochujwa na maji, turubai juu ya mzigo, na mkataba unaotaja mwenye dhamana. Bila hayo, majivu ya bure ni deni.