Irabu za Kinyakyusa katika Majina ya Faili

Lugha ya Kinyakyusa, isemwayo Masukulu na kwingineko katika Wilaya ya Rungwe, ina irabu saba, wala si tano kama Kiswahili. Katika maandishi ya wataalamu, irabu mbili zilizozidi huandikwa ɨ na ʉ; hivyo jina la lugha yenyewe huwa Kɨnyakyʉsa.

Na achukuliwe kwa mfano mchunguzi atunzaye orodha za maneno kwa Git, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ambayo huweka kumbukumbu ya mabadiliko ya faili. Orodha ya Masukulu imo katika folda iitwayo Kɨnyakyʉsa. Baada ya kuisahihisha, mchunguzi aulizapo hali ya faili zake, jina hilo halionekani, bali huonekana hivi:

"K\311\250nyaky\312\211sa/masukulu.txt"

Huu si uharibifu. Katika utaratibu wa UTF-8, kila herufi ya Kiswahili huchukua baiti moja, lakini ɨ na ʉ huchukua baiti mbili mbili. Git, isipoelekezwa vingine, huzionyesha baiti hizo kwa tarakimu za hesabu ya nane, kila moja ikitanguliwa na mkwaju wa nyuma, na njia nzima ya faili hutiwa katika alama za kunukuu. Basi 311 na 250 ni ɨ. 312 na 211 ni ʉ.

Dawa yake ni amri moja:

git config --global core.quotePath false

Amri hii hubadili maonyesho tu. Majina yaliyohifadhiwa hayaguswi. Neno --global laieneza katika kazi zote za mtumiaji huyo kwenye kompyuta ile. Likiachwa, amri hushika katika hazina moja tu. Hata hivyo, jina lenye alama ya kunukuu au mkwaju wa nyuma ndani yake litaendelea kutiwa katika alama za kunukuu.

Asiyejua haya aweza kudhani kwamba jina limeharibika, akaliandika upya kwa i na u. Kwa folda moja hasara ni ndogo. Lakini rekodi za sauti zikiitwa kwa maneno yenyewe, maneno mawili yatofautianayo kwa irabu moja tu yatapata jina moja, na rekodi moja yaweza kuifuta nyingine. Kwa hiyo hapana budi mpangilio urekebishwe kwanza, kabla ya kugusa jina lolote.